Ubongo wa Buchani

Mihayo, jirani yao, alimleta bibi mwenyewe, kamshika kiwiko kwa adabu lakini kwa nguvu. Jua lilikuwa halijapanda vizuri. Melania alikuwa uani anapuliza moto, na alipomwona mama mkwe wake miguu imejaa samadi hadi vifundoni, hakuhitaji kuuliza ametokea wapi.

"Mwangaluka, Mama Coletha."

"Mwangaluka, baba."

"Nimemkuta zizini kwangu. Amekaa katikati ya ng'ombe, anaongea nao."

"Tusamehe, baba. Anasahau. Alikuwa anakwenda chooni, njia ikampotea."

"Mimi najua anasahau. Tumezaliwa tunamwona." Mihayo alimwachia bibi kiwiko, akajifuta mikono kwenye suruali. "Lakini siku atakayeamka wa kwanza si mimi, akakuta kikongwe mwenye macho mekundu zizini mwake, hataanza kuuliza kama anasahau. Mwambie Maduhu."

Mbuke, ndiye bibi mwenyewe, alikuwa amekwisha kaa karibu na moto, anaota. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Kuni zilikwisha nchi hiyo zamani, wanawake walipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake hausamehi. Hakuna mwanamke mzima kijijini ambaye macho yake yalikuwa meupe. Lakini mwanamke kijana akiwa na macho mekundu watu husema moshi. Akizeeka, husema mengine. Kabla ya masika, katika kijiji cha pili, bibi mmoja alikatwa mapanga akiwa kitandani. Taarifa ilisema ni watu wasiojulikana. Watu wote waliwajua.

Melania alimwambia mumewe, Maduhu. Alikuwa mwanamume mpole, mkulima wa pamba, na upole wake ulikuwa unamchosha mkewe.

"Tumfungie mlango kwa nje," alisema.

"Ni mama yako huyo, Baba Coletha. Si kuku."

"Basi unataka nifanyeje? Nilale mlangoni?"

Bibi aliinua uso. "Huyu ni nani?" aliuliza, akimwonyesha mwanawe.

Maduhu alitoka nje akaenda shambani bila kunywa uji.

*

Mwaka huo wa themanini na tano sabuni ilikuwa adimu, na Melania ndiye aliyeosha vizimba vya panya kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mifugo pembeni mwa mji wa Shinyanga. Ilimbidi aoshe kwa majivu. Panya wenyewe hawakuwa hawa wa ghalani. Walikuwa weupe pe, mikia kama nyuzi, macho mekundu kuliko ya bibi yeyote, na hakuna aliyewashuku kwa lolote. Walilala kwenye pumba safi, wakala kwa kipimo, hata katika miezi ambayo watu walipanga foleni ya unga.

Mwenye panya alikuwa Daktari Apolinari, kijana wa Bukombe aliyesoma Italia akarudi na sanduku la vitabu na koti moja zuri. Alikuwa amejenga sanduku kubwa la mbao lenye vichochoro. Panya aliwekwa upande mmoja. Upande wa pili palikuwa na kipande cha karanga. Panya kijana akijaribu mara kadhaa hujifunza njia. Panya mzee huzunguka, hugonga ukuta, hurudi alikotoka, kisha hukaa chini na kujilamba kana kwamba hakutaka karanga tangu mwanzo. Melania alipomwona wa kwanza akifanya hivyo, alimkumbuka mama mkwe wake, akashikwa na huzuni mpaka maji ya ndoo yakamwagika.

Halafu daktari akaanza kuwapa wazee dawa. Ilikuwa unga wa rangi ya maziwa, aliutia kwenye maji kidogo na kuwadondoshea mdomoni. Baada ya majuma machache Melania aliona kwa macho yake. Wale waliopewa walipita vichochoro, wakasita kidogo kwenye kona, wakafika. Wale wasiopewa waliendelea kujilamba.

"Daktari, huo unga ni nini?"

Apolinari alipenda kuulizwa. Wenzake kituoni walikuwa watu wa ng'ombe na majosho, na walimwona amepotea njia. "Ni mafuta," alisema. "Si ya kupikia. Ubongo, Melania, ni chembe nyingi sana, na kila chembe ina ngozi yake, na ngozi hiyo imetengenezwa kwa mafuta ya namna hii. Chembe hupelekeana habari. Hii inatoa, ile inapokea. Mnyama akizeeka ngozi inachakaa, habari inatumwa lakini haipokelewi vizuri. Tukimrudishia mafuta, inaelekea habari zinapita tena."

"Na yanatoka wapi?"

"Wazungu huyatoa kwenye ubongo wa ng'ombe."

Melania aliacha kusugua. "Ng'ombe huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Sasa mtu mzee, daktari, akila ubongo wa ng'ombe..."

Apolinari akacheka. "Hapana, hapana. Kula ubongo wa buchani ukatarajia dawa hii ni kama kutafuna pamba ukidhani umevaa shati. Halafu kwa watu hatujafika huko. Hata kwa panya bado sina hakika."

Melania aliitika, "Ndiyo, daktari." Maneno yote aliyasikia. Lakini mtu mwenye shida husikia yote na kuondoka na nusu, na nusu aliyoondoka nayo ilikuwa ile ya ng'ombe.

*

Kwa desturi ya kwao Maduhu, kichwa cha ng'ombe ni cha wanaume. Hukichemsha pale pale kilipochinjiwa, wakanywa supu yake wakiongea mambo yao, na mwanamke hasogei. Hakuna aliyesema mwanamke akila atakufa. Ni kwamba haionekani vizuri, kama mwanamume kukaa jikoni. Melania alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, kwao jambo hilo halikuwa na uzito, lakini aliolewa hapa na aibu ya hapa alikuwa ameizoea.

Kwa hiyo alipofika buchani kwa Kamili alisubiri wanunuzi wengine waondoke.

"Nipe ubongo."

"Ubongo!" Kamili aliweka shoka chini. "Shemeji, Maduhu kapungukiwa nini mpaka umlishe ubongo? Kama ni mambo ya usiku, dawa yake si hiyo."

Walioketi kibarazani walicheka. Melania alihisi uso unawaka. Angeweza kusema ni wa mama mkwe. Lakini ingekuwa kumvua nguo bibi wa watu mbele ya wanaume wanaotafuta la kuchekea.

"Ni wa kazini," akasema. "Wa panya wa daktari."

"Panya wanakula ubongo na mimi nakula mlenda. Haya, serikali yetu hiyo." Kamili akamfungia kwenye gazeti.

Ule ukawa uwongo wake, naye akaurudia kila alipokwenda. Nyumbani alipika mlango ukiwa umefungwa, akaponda ubongo ndani ya uji mpaka usionekane, akamlisha bibi kwa kijiko. Maduhu alijua. Siku ya kwanza alitazama sufuria, akasema, "Watu wakijua..." halafu akaifunika.

Tena Melania hakuishia kwenye uji. Alikuwa ameona daktari anavyofanya. Kila jioni alipotoka kazini alimtoa bibi hadi kisimani, akamwambia, "Mama, nyumbani wapi?" na mlangoni alikuwa ameweka michembe kwenye ungo, viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo bibi alivipenda tangu utoto. Mwanzoni bibi alielekea porini. Melania alimgeuza taratibu. Wakafika, akala michembe, kesho tena. Coletha, binti yao, alidhani ni mchezo, akawa anapiga makofi.

Mwezi wa pili ulipoandama, bibi alitoka kisimani peke yake, akasita penye kichuguu, akatazama huku na huku, akashika njia ya kushoto, akafika mlangoni. Akachukua mchembe. Akamtazama Melania usoni kwa muda.

"Wabeja, Melania," akashukuru.

Hakuwa amemwita jina hilo tangu mwaka juzi. Melania alimshika mikono yote miwili, hakujua acheke au alie, akafanya vyote. Usimwulize kama ni ubongo, au ni michembe, au ni kule kushikwa mkono kila jioni na mtu anayekuita mama. Hata daktari asingejua. Melania yeye aliamini ni ubongo, akaongeza kiasi.

*

Ng'ombe wa kwanza wa Mihayo alianza kuzunguka wakati watu wanachuma pamba. Alikuwa dume jekundu lenye afya. Liliinamisha kichwa upande mmoja likaanza kuzunguka mahali pamoja, duara, duara, likagonga uzio, likaanguka, likafa likitoa povu. Baada ya siku chache akafuata jike. Wafugaji wa zamani waliujua ugonjwa huo, na wa kituoni wangeweza kuwaambia kwamba unaletwa na kupe, na kwamba josho la kijiji halikuwa limetiwa dawa tangu mwaka uliopita kwa sababu dawa haikuwepo. Lakini josho kavu lilikuwa pale kila siku na halikumshangaza mtu.

Mihayo alilipasua fuvu la yule jike aone kuna nini. Majirani walisimama kando. Ubongo ulikuwa umelegea, umejaa damu na maji, kama ugali uliomwagiwa mchuzi.

"Ubongo wake umeliwa," mmoja akasema.

Kamili mwenye bucha alikuwepo, kwa maana alikuja kuona kama kuna nyama ya kuokoa. Yeye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo tu. Jioni hiyo kibarazani akasema, kama mtu anayefikiri kwa sauti, "Ajabu. Mke wa Maduhu yeye ananunua ubongo kwangu kila juma. Anasema wa panya."

Siku ya pili Melania alipofika kisimani na ndoo, wanawake walinyamaza. Alisalimia. Justa, mke wa Mihayo, aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua Coletha, aliinamia ndoo yake kana kwamba ndani mna kitu cha kutazama. Melania alichota maji, akajitwisha mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuna mkono uliomsaidia. Alirudi nyumbani, akajitua mwenyewe.

"Wamejua," akamwambia mumewe.

"Nilisema."

"Ulisema. Sasa sema la pili."

Maduhu hakuwa na la pili. Makoye, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, ndiye aliyelileta. Alikuja na upinde wake na filimbi shingoni, akakataa kiti, akasema wanatakiwa Jumamosi kwenye uwanja wa ghala la pamba, wote watatu, na bibi asiachwe.

*

Melania alimwomba daktari aje. Alimpigia magoti ofisini mpaka Apolinari akaona haya, akamwambia inuka, nitakuja, nitawaeleza, hawa ni watu wanaoelewa. Akaja na koti lake zuri. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, vijana wa sungusungu wamesimama pembeni na pinde, wazee mbele. Bibi Mbuke aliketishwa chini juu ya gunia. Alikuwa ametulia, anatazama watu.

Makoye alianza na Kamili. Kamili alisema alichojua: ubongo, kila juma, wa panya.

"Daktari," Makoye akasema kwa heshima, "ulimtuma mama huyu akununulie ubongo?"

Apolinari alimtazama Melania. Hapo ndipo alipojua. Melania naye alimtazama, na machoni mwake mlikuwa na ombi moja tu. Lakini Apolinari alikuwa amelelewa na mapadri na kusomeshwa na maprofesa, na pande zote mbili walimfundisha kitu kimoja.

"Hapana," akasema. "Sijamtuma. Dawa yangu inatoka Ulaya."

Mnong'ono ukapita uwanjani.

"Lakini ngojeni! Sikilizeni. Ng'ombe wa Mihayo wameuawa na kupe. Josho letu ni kavu. Ubongo alionunua mama huyu ni wa ng'ombe wengine, waliochinjwa, na haukumdhuru mtu. Alikuwa anataka kumsaidia mama mkwe wake akumbuke, kwa kuwa aliona panya wangu."

"Panya wako wanafanya nini?" Makoye akauliza.

"Wanapata kumbukumbu. Wale wazee."

"Kwa ubongo wa ng'ombe?"

"Kwa mafuta yanayotolewa humo, ndiyo."

Mzee mmoja aliinua mkono. "Kwa hiyo ni kweli, daktari. Akili ya ng'ombe inaweza kutolewa ikaingia kwa mwingine."

"Si akili, mzee. Ni mafuta ya..."

"Na huyo ng'ombe anabaki na nini?"

"Ng'ombe amekwisha kufa, mzee wangu."

"Naam," mzee akasema, akaketi. "Ndivyo tulivyomwona."

Kuna waliocheka, kisha wakaacha. Maduhu alisimama akasema mama yake ni mgonjwa, hajui kitu, hamjui hata yeye mwanawe. Alisema vizuri kuliko Melania alivyotegemea. Mihayo mwenyewe akasema, macho yakiwa chini, kwamba kweli bibi anasahau, yeye ni shahidi, na mambo haya hakutaka yafike hapa. Makoye akaitikia kwa kichwa taratibu. Kama bibi ni mtu asiyejua kitu, alisema, basi hilo ni jambo jingine, mtoto mdogo na mzee aliyerudi utotoni hawashitakiwi. Melania akapumua.

Makoye akachuchumaa mbele ya gunia. "Mayu, mama yetu," akaita kwa upole. "Ng'ombe wa Mihayo unawajua?"

Melania alimwomba Mungu moyoni bibi aulize tu, huyu ni nani. Alikuwa ameuliza hivyo kwa watu wote, miaka miwili mfululizo.

"Kwa nini nisiwajue?" bibi akasema. Sauti yake ilikuwa safi, ikafika mpaka nyuma. "Yule mweusi mwenye nyota usoni, bibi yake alikuja na mahari ya dada yake Mihayo. Yule wa kijivu walimleta kutoka Nyahanga, mwaka wa njaa. Lile dume jekundu ni mtoto wa jike la pembe zilizopinda, lililokuwa likinipiga teke." Alimgeukia Mihayo akatabasamu kama jirani. "Hao wawili waliozunguka, baba, pole sana. Walikuwa wananihangaisha moyo. Niliwaambia walale."

Kila ng'ombe alimtaja sawasawa.

*

Hukumu ilitolewa kwa maneno laini. Sungusungu hawakusema bibi ni mchawi. Walisema tu kwamba kijiji hakitaweza kumlinda, na kwamba kuanzia siku hiyo nyumba ya Maduhu isiombwe moto wala isipewe maji hadi bibi aondoke. Watu walitawanyika. Apolinari alibaki anapangusa vumbi kwenye koti.

"Nilisema ukweli, Melania."

"Ndiyo, daktari. Ulisema."

Daktari akalifunga koti, akaenda zake. Mihayo ndiye aliyemfuata Melania mpaka kona ya ghala, akaangalia nyuma kwanza. "Basi la Kahama linapita kesho asubuhi," alisema haraka. "Msingoje vijana wauze pamba wakanywe pombe. Mimi sitaweza kuwazuia." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Na lile jike la pembe zilizopinda, ni kweli. Lilikuwa linampiga teke."

Wakaondoka Melania, bibi na Coletha, na mizigo miwili. Maduhu alibaki kuvuna pamba iliyobaki. Ya mtu aliyetengwa haivunwi na jirani. Kazi ya vizimba ilikwenda kwa mwingine.

Ushirombo walipokelewa na Anatoli, kaka yake Melania, na mkewe Serafina. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini kuni zilikuwepo na hakuna aliyejua habari za Shinyanga. Tatizo lilikuwa bibi. Alikuwa anakumbuka. Kila asubuhi alijifunga khanga, akachukua fimbo, akashika barabara inayokwenda mashariki, ya Kahama, na hakukosea hata siku moja.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwangu. Jua likipanda nitakuwa mbali."

"Kule hakukaliki, mama."

"Nyumba yangu ile. Nilijenga na mume wangu. Kwa nini hakukaliki?"

Nani angemwambia? Melania alijaribu mara moja, kwa maneno ya kuzungukazunguka. Bibi alisikiliza, akalia, akauliza Mihayo alisema nini, akalia tena. Kesho yake alikuwa barabarani. Mara moja dereva wa lori la mkaa alimchukua, akamshusha karibu na Kahama kwa wema tu, na Anatoli alimtafuta siku nzima. Akifika kule, watamuua. Hilo Melania alilijua wazi, bila shaka yoyote, na lilimkosesha usingizi.

"Wifi," Serafina akamwambia siku moja akitoka sokoni, "buchani leo kuna ubongo. Si ulisema humsaidia? Nikamchukulie?"

"Hapana," Melania akasema, kwa ukali hata mwenzake akashituka. "Usimletee. Usimletee tena."

Jioni hiyo alichukua ungo wa michembe, akautundika juu ya mti mdogo upande wa magharibi, kwenye njia inayoelekea Runzewe na Chato. Akamshika bibi mkono. "Nyumbani wapi, mama?" Bibi akaelekea mashariki. Melania akamgeuza taratibu. Wakafika kwenye ungo, akala. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Melania alijisikia mwizi. Aliendelea.

Ilichukua masika yote. Kwanza bibi aliacha kumtaja mumewe. Kisha akaacha kuuliza habari za Mihayo. Akawa anatoka na fimbo, anasimama mlangoni, anatazama huku na huku, kisha anakwenda magharibi hadi penye mti, anakula, anarudi. Serafina alimsifu Melania kwa uvumilivu.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika na Melania alikuwa anapuliza moto. Bibi alikuja akaketi karibu naye, akanyoosha mikono kuota, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kwa upole.

"Mwanangu," akauliza, "wewe ni wa nani?"

"Wa hapa hapa, mama," Melania akasema.

Akamshukuru Mungu. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akajifunika uso kwa khanga, akalia mpaka moto ukazimika.